Kipande cha Kulinganishia

Kiwandani walimwita Dada Picha, na kazi yake ilikuwa kusema kama maji yamekwisha au bado. Tanuru la kuyeyushia chuma likishakandikwa zege jipya ndani, haliwashwi hovyo. Maji yaliyojificha kwenye vitundu vya zege yakipata moto mkali hugeuka mvuke, na ukuta hulipuka. Kwa hiyo kila asubuhi alipiga eksirei kipande cha zege lilelile. Penye maji huonekana peupe zaidi. Kisha aliilinganisha picha hiyo na ya kipande kingine kilichokaushwa kabisa kwenye oveni, na ile tofauti ndiyo maji yenyewe.

Safari hii meneja alimkalia kooni. "Bado tu? Unakausha zege au unalea mtoto?" Basi Dada Picha akakitoa mapema kwenye oveni kile cha kulinganishia, ndani kingali kibichi. Alijua, jamani, alijua kabisa, ila akajipa moyo kwamba ni unyevu kidogo tu. Kibichi kikalinganishwa na kibichi, tofauti ikakosekana. Kompyuta ikaonyesha pakavu.

Mwasha tanuru alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, domo kaya.

"Dada, niwashe? Nikiungua utamwambia nini mama?"

"Washa bwana, acha kelele. Hamna maji."

Mchana, moto ukiwa umekolea, akaenda kabatini kuhifadhi vipande vyake. Mfuko wa nailoni wenye kile "kikavu" ulikuwa umelowa matone kwa ndani. Kumbe hakikuwa na unyevu kidogo. Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, anapiga kelele, "Zima! Toka hapo, zima!" Mlipuko ulimkuta uani.

Hospitalini, daktari alipachika picha ya kifua kwenye ubao wa taa. Mdogo wake alikuwa amevuta ule mvuke. Mama alikodoa macho, hakuambulia kitu, akamgeukia binti yake.

"Wewe si ndiye unayezijua hizi? Mwanangu ana nini?"

Picha ilikuwa nyeupe pande zote mbili, juu hadi chini.

"Maji, mama. Mapafu yamejaa maji."

"Si yatakauka?"

Daktari akatikisa kichwa. Dada Picha akamshika mama yake miguu, akaangua kilio.

"Mimi ndiye niliyemwambia hamna, mama. Aliniuliza, nikamwambia hamna."