Pasta Évariste Mbele ya Tanuri

Kama hujawahi kukatizwa maneno na mtu usiyeweza kumjibu, hasira ya Christelle siku ile huwezi kuijua. Alikuwa anajifunza kuongoza wageni katika kituo cha zamani cha umeme wa makaa ya mawe hapa Stockholm, ambacho siku hizi ni makumbusho. Hanna, bosi wake Mswidi, alishamwambia wazi: leo nakutazama, ukiwavutia wageni, ziara za Kiswahili ni kazi yako ya kudumu. Christelle akawaita watu wa kanisa lake, kutoka vitongoji vya Hjulsta na Jordbro. Alijiambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kumbe hili lilikuja na njaa!

“Meli zilileta makaa mpaka hapa,” alianza pale gatini. “Kreni ikayashusha, mkanda ukayapandisha juu kabisa, ghalani...”

“Kupandishwa juu!” Pasta Évariste, mchungaji wao, akadakia. “Nani anataka kupandishwa juu leo?”

“Mimi!” wakaitikia wote.

Christelle akatabasamu kwa meno tu. Akawaharakisha mpaka kwenye kinu. Akaeleza kwamba makaa hayakuchomwa mapande mapande. Yalisagwa kwanza, yakawa laini kama unga wa fufu, kisha hewa ya moto ikayapuliza tanurini, maana vumbi hushika moto upesi kuliko jiwe.

“Lazima usagwe!” Pasta akanguruma. “Bwana hakutumii ukiwa pande zima!”

Mama Hortense, jirani yake Christelle, akabubujikwa na machozi mbele ya kinu. Nyuma ya kundi Hanna alisimama akitazama, na Kiswahili hajui hata neno.

Wakafika kwenye tanuri. Hapa Christelle alipapenda kuliko pote, na alikuwa amejiandaa mno. “Tazameni kuta,” alisema. “Zimejaa mabomba ya maji. Moto unayachemsha, yanakuwa mvuke, mvuke unasukuma mapanga ya turbini, turbini inazungusha jenereta, umeme huo! Na mvuke ukishachoka hautupwi. Unapasha maji yanayokwenda...”

Pasta alikwisha kuingiza kichwa kwenye kidirisha cha tanuri. “Jehanamu!” sauti yake ikavuma humo ndani. Loo! Akina mama wakapiga yowe, mtu akaanzisha pambio, ngazi za chuma zikatikisika kwa miguu.

“Pasta, tafadhali, niache nimalizie.”

“Ngoja, binti yangu. Roho bado anasema.”

Sasa utamjibu nini mtu aliyemzika baba yako? Maji ya moto yaliyopasha nyumba za mji mzima hayakutajwa tena.

Pambio lilipokwisha, Hanna akamjia mbio, mashavu mekundu. “Sijawahi kuona watu wakililia kinu! Yule bwana ana kipaji. Ni yeye tunayemtafuta.”

“Hakueleza kituo, Hanna. Alikuwa anahubiri.”

“Hata hivyo walimsikiliza. Samahani, Christelle, kazi nampa yeye. Nitafsirie, tafadhali.”

Christelle alitaka kucheka, akataka kulia, akataka kumtia mtu tanurini. Lakini Kiswidi cha Pasta hakijavuka salamu, na Hanna alikuwa anangoja.

“Pasta, wanakupa kazi,” alisema. “Kazi yangu.”

“Mungu hachelewi!” Pasta akamkumbatia mpaka akakosa pumzi. Kisha akainama, akamnong'oneza sikioni. “Ila binti yangu, utanikalisha chini unieleze mitambo hii inavyofanya kazi, sivyo? Leo sikusikia kitu. Hawa watu wako wana kelele!”