Mazoezi ya Kupanda Maporomoko

Mkesha wa sikukuu ya Uhuru, mchana, nilimwaga ndoo ya maji ya sabuni kwenye ngazi za nyumba yangu, kisha nikawaita wajukuu waje wapande.

Ngazi zangu ni za mawe, zinateremka kutoka barazani hadi barabarani, nazo ni kali. Kesho yake tulikuwa tunakwenda Dunn's River, kwenye maporomoko ya maji yanayoshuka kama ngazi hadi baharini, sisi wote, na watoto hawakuwahi kupanda maporomoko. Mimi ujanani nilifua mashuka ya hoteli kule Ocho Rios, mji ulio karibu na maporomoko hayo, na siku za mapumziko nilikwenda kutazama wageni wakipandishwa. Wanapangwa mstari, mkono kwa mkono, kutoka ufukweni hadi juu. Anayevunjika mguu ni yule aliyejitoa mstarini.

"Hatushiki vidole," niliwaambia. "Vidole vinateleza kama samaki. Shika hapa, kwenye kifundo cha mkono, na mwenzako akushike chako. Mmoja akiteleza?"

"Wote chini!" Tessa alipiga kelele. Ana miaka minne, na hapo ndipo alipopapenda kuliko pote, kukaa kwenye maji.

"Na mkono?"

"Hauachiwi!"

"Lakini Bibi," alisema kaka yake, Oshane, "wewe ndiye mnene kuliko sisi wote. Ukiteleza wewe, tutakuwa uji wa mahindi."

"Basi niombee nisiteleze, domo kaya wewe."

Mama yao, Verona, binti yangu, alicheka, kisha akashika taya. Lilikuwa bado linamuuma akicheka. Lascelles, baba wa watoto hawa, alilivunja kwa ngumi siku ya Pasaka, mezani, watoto wakitazama, kwa sababu ya shati ambalo halikupigwa pasi. Verona alikuja kwangu na watoto watatu na mfuko mmoja. Tangu hapo Lascelles alikuwa anatuma salamu kwa kila anayepita njia: siku nitakayosikia ametia mguu nje ya ua wa mama yake, nitamfuata nimrudishe kwangu, awe mzima au vipande.

Kwa hiyo Verona hakutoka. Hakwenda sokoni wala kanisani. Safari hii ndiyo ingekuwa kutoka kwake kwa kwanza, na ni yeye mwenyewe aliyesema, "Mama, siwezi kuzeekea jikoni kwako. Nipeleke watoto wakaone maji." Tulipanga kila kitu kimyakimya. Lakini gari tulikodi kwa Burchell, na Burchell ana mdomo.

Jirani yangu Icilda alikuwa jikoni kwangu akikaanga samaki wa safari. Hakuna aliyemwomba. Asubuhi alikuwa amewaletea watoto viatu vya mpira vya wajukuu zake, amevisugua mpaka vimekuwa kama vipya, na ndani ya kile kidogo ametia pamba kisimpwaye Tessa. Nakumbuka pamba ile.

Tulijipanga tena. Mimi juu kabisa, mkono mmoja umekumbatia nguzo ya baraza. Chini yangu Tessa, kisha Oshane, kisha dada yao mkubwa, Kadian, na chini kabisa Verona, maana mwenye nguvu hukaa chini. Ndipo tuliposikia gari likifunga breki barabarani.

Lascelles alipanda ngazi na panga mkononi. Hakuwa amelewa. Ningependa kusema alikuwa amelewa.

"Kumbe kuna safari," alisema. "Na mimi sikualikwa?"

"Lascelles," nilisema, "watoto wako hapa. Rudi nyumbani, mwanangu."

"Mimi si mwanao, kizee. Verona, shuka. Ingia garini."

"Siendi," Verona alisema.

Alimpiga kofi kwa mkono usio na panga. Nilisikia meno yakigongana. Alimpiga tena, akamshika nywele, akamvuta kichwa mpaka paji la uso likagonga jiwe. Damu ilishuka ikachanganyika na povu la sabuni, ikawa ya waridi. Verona hakulia. Alimshika Kadian kifundo cha mkono, na Kadian akamshika chake.

Lascelles alianza kumvuta kuelekea barabarani. Sote tulivutika. Miguu ya Oshane iliteleza, na hapo nikasikia sauti nyembamba ya Kadian:

"Wote chini! Kaeni!"

Tukakaa. Papo hapo, kwenye maji na damu, kama tulivyofanya mchana ule wote tukicheka. Alivuta, tusisogee. Alivuta tena.

"Kadian, muachie mama yako."

"Hauachiwi," Kadian alisema.

Alimpiga teke la bega. Mtoto wa miaka kumi na mmoja! Alijikunja kama jani linaloungua, lakini vidole vyake havikufunguka. Oshane alikuwa analia huku anamtukana baba yake matusi ambayo sijui aliyapata wapi, na sikumkataza.

Lascelles akainua macho akaniona nimekumbatia nguzo. Akaelewa kwamba shina la mstari ule ni mimi. Alitukanyaga kuja juu, akamkanyaga Oshane mgongoni, akasimama mbele yangu.

"Achia nguzo."

"Sitaachia."

Alinipiga kwa ubapa wa panga hapa, chini ya kiwiko. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuusikia mfupa wake mwenyewe. Akainua tena, akapiga palepale. Niliona giza lenye nyota, na mkono ukateremka kwenye nguzo peke yake, kama si wangu.

Icilda alitoka jikoni na karai la mafuta ya moto, samaki wakiwa bado wanachemka ndani.

"Lascelles, ondoka, nakumwagia!"

"Mwaga," alisema, na akacheka. "Uwachome na watoto."

Icilda alimtazama Tessa miguuni pa Lascelles. Alilitua karai mbali, polepole, asidondoshe hata tone. Kisha akakaa chini nyuma yangu kwa gauni lake zuri, mkono mmoja akanizungushia kiuno, mwingine akakumbatia nguzo. "Nimekushika, Una," aliniambia sikioni. "Lia tu, lakini usiachie mtoto." Mkono wangu mwingine ulikuwa bado na kifundo kidogo cha Tessa.

Kwa hasira Lascelles alitupa panga uani, akashuka mbio. Alimshika Verona mkono uliokuwa huru kwa mikono yake miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Bega la Verona lilitoka mahali pake. Niliona likivimba chini ya blauzi. Alipiga ukelele mmoja tu. Mstari ulinyooka kutoka nguzoni hadi kwake, mpaka nikadhani Tessa atachanika katikati.

Kisha kisigino cha Lascelles kilikanyaga sabuni.

Miguu yake ilikwenda hewani. Alibaki ananing'inia kwenye mkono wa Verona, na mkono ule ulikuwa umelowa. Mshiko wake ukateremka kutoka kwenye kigasha hadi kifundoni, kutoka kifundoni hadi kwenye vidole. Nyuma yake ngazi zilikuwa zinamsubiri.

"Mama!" Tessa alilia. "Baba anateleza! Mshike!"

Verona angeweza kukunja vidole akamshika. Nilimwona akimtazama usoni. Nilimwona pia akifungua vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka kiganja kikawa wazi.

Lascelles alianguka mgongo kwanza, akabingirika hadi mtaroni. Mfupa wa paja ulitoboa suruali. Alipiga kelele mpaka watu wakatoka nyumba za juu.

Wanaume walimzunguka, na wawili walikuwa na mawe mikononi. Ni Icilda aliyewapita katikati, akakunja aproni yake akamwekea chini ya kichwa, akakaa akimfukuzia nzi mpaka polisi walipofika kumchukua. Nilimuuliza baadaye kwa nini. "Nilimwona akibatizwa," alisema.

Hospitali walimrudishia Verona bega, wakaniwekea mimi plasta. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi, Tessa alisema, "Bibi, baba alishika vidole."

"Ndiyo, mama."

"Hakufundishwa?"

Nilimpangusa pua.

Asubuhi Burchell alipiga honi barabarani, kisha akapanda kutuomba radhi, kofia mkononi. Watoto walikuwa wamekaa mstari kwenye kochi, wamevaa viatu vya mpira, hawathubutu kuuliza. Verona alitoka chumbani, jicho moja limefumba, mkono umefungwa kifuani.

"Mbona mmekaa?" alisema. "Samaki wataliwa na nani?"

"Bibi," Oshane alisema tukishuka ngazi, "hatukuwa uji."

Kule Dunn's River mimi nilibaki ufukweni na vyombo. Verona aliingia na watoto majini pale chini tu, penye ngazi ya kwanza ya maporomoko, na mwongoza wageni mmoja kijana, alipouona uso wake, alikuja akasimama upande wa chini bila kuambiwa. Niliwaona wakijipanga. Kadian alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Kifundo cha mama yake kilikuwa na alama nne ndogo, za samawati, zilizozama. Zilikuwa za vidole vya Kadian mwenyewe.

"Utaumia, mama."

"Shika hapo hapo," Verona alisema.