Kobe Aitwaye Kapteni

Kitendawili! Sema tega, mjukuu wangu, usinitolee macho tu. Mgeni wangu kaja na nyumba yake mgongoni, hakuniomba kitanda wala shuka, lakini usingizi kaninyima. Nani huyo?

Umesema konokono? Basi nipe mji. Nimeuchukua Lindi, nimekwenda, nimekula samaki, nimerudi. Jibu ni kobe, na mwenyeji wake ni Yuliana, Mama Esther wa Mkomaindo, kule Masasi, muuza vitumbua na kapteni wa klabu ya mbio.

Kobe huyo aliletwa na watani. Mwaka jana klabu ya Mkomaindo ilipanda Newala kushindana, ikawa ya mwisho, tena mwisho ule ambao hata wapiga ngoma walishakwenda kula. Haikupita wiki, watu wa Newala wakamteremsha kobe kwa basi, ndani ya tenga, gambani kaandikwa kwa rangi nyeupe: KAPTENI. Sharti la utani likawa hilo: aliyeshindwa amfuge mpaka siku atakayoshinda. Kapteni akala mchicha wa Yuliana, akamaliza na maua ya maboga, na usiku akawa anagonga gamba kwenye bati la uani, ko, ko, ko. Kukicha, wateja wa vitumbua hawasemi habari za asubuhi.

"Mama Esther, Kapteni kaamkaje?"

"Mwaka huu anarudi kwao," Yuliana akaapa. "Siwezi kuulizwa hali ya kobe kabla ya hali ya wanangu."

Lakini mbio zenyewe zilikuwa na kanuni yake. Inashinda klabu ambayo mkimbiaji wake wa mwisho anatangulia kuvuka utepe wa kumalizia, na mmoja wa wakimbiaji wake lazima awe amepita miaka hamsini. Mkomaindo walikuwa na Mzee Gasper. Magoti mazuri, pumzi nzuri, nywele nyeusi kuliko chungu, kwa rehema ya rangi ya piko. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu, na hicho kitu hakukitaja. Vijana wakimuuliza, "Mzee, Uhuru ulikukuta wapi?" huinama akafunga kamba za viatu, hata akiwa amevaa kandambili. Sababu kila mtu aliijua. Sababu iliitwa Yasinta, mjane mcheshi aliyewashikia nguo kila wanapokimbia, na Yasinta alishasema hadharani kwamba mzee wa kumkanda mgongo yeye hamtaki.

Siku ya mbio wakapanda Newala. Njia ilianza kwa lami, ikaingia mchanga wa mikoroshoni unaomeza mguu, ikateremka mawe ya ukingo kuelekea bonde la Ruvuma, halafu, kama adhabu, ikapanda tena palepale iliposhukia. Kwenye meza ya maji kijana mmoja wa Masasi akajimwagia kikombe kichwani. Mama aliyekuwa akigawa akamnyang'anya.

"Wewe! Haya ya kunywa. Kuoga kaoge kwenu!"

Vijana wa pande zote mbili wakatangulia, wakamaliza, na mzee wa Newala pamoja nao. Nyuma wakabaki Yuliana na Mzee Gasper, na mbele yao kidogo Stamili, kapteni wa Newala, aliyekaa mwisho ili awasukume wenzake. Stamili alikuwa mtulivu, maana alishatega mtego. Karibu kabisa na utepe aliwatandikia mabibi mikeka kando ya njia. Alijua mtu wa Masasi hampiti mkubwa bila kumwamkia, na mabibi wa Newala salamu zao hazina haraka. Ila mabibi wenyewe walikawia kwenye chai, wakafika vijana wameshapita.

Na aliyetangulia kuwafikia ni Stamili mwenyewe.

"Shikamoo bibi, nakimbia!"

"Marahaba," akasema Bibi Fatu, bibi yake wa kumzaa mama. "Unakimbia, na maji yangu? Asubuhi ulisema narudi sasa hivi. Mpaka saa hizi sijanawa hata uso." Akamnyooshea ndoo.

Stamili akautazama utepe, akamtazama bibi. Akapokea ndoo, akakata uchochoro kwenda kwenye bomba la kuuza maji. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Yuliana akacheka huku anakimbia. Kicheko kikamwishia kwa Bibi Sijaona, kwenye mkeka wa pili.

"Mama, hunioni?"

Yuliana akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto? Baba yao? Mihogo? Korosho zimetoka?"

"Zimetoka, bibi."

"Na kobe wetu, hajambo?"

Mikeka yote ikacheka. Yuliana akainuka, akachomoka, akavuka utepe. Kwa Mkomaindo akabaki Mzee Gasper peke yake, anakuja, jasho jeusi linamchuruzika mashavuni.

"Kijana!" akaita Bibi Sijaona. "Mwamkie mkubwa."

Gasper akasimama. Shikamoo ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Atamwamkiaje mtu aliye mdogo kwake?

"Hujambo?" akasema.

"Hujambo? Mimi? Uhuru ulinikuta natambaa! Wewe ulikukuta wapi?"

"Mjibu, mzee!" Yuliana akapiga kelele kutoka kwenye utepe. "Ukiwa mkubwa, yeye ndiye atakayekuamkia, nawe unapita na marahaba yako!"

Gasper akamtazama Yasinta, amesimama pembeni ya Yuliana na rundo la nguo. Akainama kufunga kamba za viatu.

Hapo Stamili akatokea uchochoroni, ndoo kichwani, anatembea kama anayekanyaga mayai, maana kumwaga maji Newala ni aibu kuliko kushindwa mbio. Bibi Fatu alishanyoosha mikono kumpokea.

"Mzee Gasper!" Yuliana sauti ikampasuka. "Nitakuletea huyo kobe ulale naye!"

Yasinta akaziangusha nguo chini, akavua kitambaa chake cha kichwa. "Jibu, baba! Kwani hizi zangu unadhani si piko?"

Mzee Gasper akainuka. Akajipangusa uso, weusi ukamwenea mpaka masikioni, akavuta pumzi iliyosikika mpaka kwenye utepe.

"Ulinikuta darasa la pili, mtoto wewe! Niamkie, nipite!"