Fremu ya Thelathini na Moja

Kazi yangu ni kufuta nyaya. Mwigizaji akiruka angani kwenye filamu huwa ameshikiliwa na nyaya mbili mgongoni, nami nazifuta kwenye kompyuta, fremu baada ya fremu, ishirini na nne kwa kila sekunde. Nilijifunza mwenyewe, na sijui kuifanya haraka.

Filamu ile ilihusu watu waliohamia sayari nyingine. Ilikuwa imebadilisha waongozaji mara mbili na mwisho wake mara nne. Hata sisi tulioitengeneza hatukujua tena nani anamkimbia nani. Mume wa dada yangu ndiye aliyeruka badala ya mwigizaji mkuu. Siku moja alianguka, akavunjika mgongo. Ripoti ikasema hakufunga waya wa pili. Yeye hakumbuki chochote cha siku ile, ila ripoti aliisoma, na akaiamini. "Nilijimaliza mwenyewe," humwambia dada.

Kipande cha filamu cha kuanguka kwake kikaletwa kwangu. Sura yake haikuonekana, na wangekikata kabla hajafika chini, hivyo kingeweza kutumika.

Fremu ya thelathini na moja: nyaya mbili, zimekaza. Fremu ya arobaini: waya mmoja. Kati ya hizo mbili, juu kwenye kapi, gurudumu linalopitisha nyaya, wa pili ulikuwa unafumuka uzi kwa uzi. Alikuwa amefunga zote mbili.

Nikamwita msimamizi, tuliyempa jina la Bado Kidogo kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kazi. Akainama, akatazama kwa muda mrefu. Si mtu mbaya.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona waya."

"Bosi, huyo ni shemeji yangu."

"Najua. Ndiyo maana nasema naona waya." Akashusha sauti. "Futa, ndugu yangu. Kinatakiwa saa nane. Kikishapokelewa, picha za awali zinaondolewa. Diski zimejaa."

Simu zetu zilikuwa kwenye kabati la mlinzi, kama kila siku. Kompyuta hazina mtandao wala tundu la kuchomekea kitu. Nikikataa, nilijiambia, atapewa jirani yangu, naye atamaliza saa saba. Nikafuta. Bado Kidogo alipokiangalia akasema, "Imekaa sawa," akakituma.

Jioni nikaenda kwa dada. Shemeji alikuwa kitandani karibu na dirisha.

"Shemeji mikono mitupu," akasema. "Hata chungwa?"

"Ulifunga zote mbili," nikamwambia. "Nimeona. Waya ndio uliokatika."

Akanigeuzia uso. "Hebu rudia."

Nikarudia, fremu kwa fremu, polepole. Alifumba macho, midomo ikihesabu pamoja nami. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Tena," akasema. Nikaanza tena.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. "Kesho tunazipeleka kwa wakili hizo picha," akasema. "Ziko wapi?"

Shemeji akafumbua macho. Yeye anaijua kazi yangu. Akanitazama mikono.

"Nimezifuta," nikasema.

"Lini?" dada akauliza.

"Saa nane kasoro kumi."

"Leo hii?"

"Leo hii."

Akalikunja taulo mara mbili, akaliweka kitini. Akaenda kufungua mlango wa nje, akaushikilia hadi nilipotoka.