Filimbi Moja Anza, Mbili Acha

Kwenye karakana ile ya kupimia nguvu za injini, mume, fundi, ndiye aliyekanyaga mafuta na mke ndiye aliyekaa kwenye kompyuta na filimbi mdomoni. Filimbi moja, anza. Mbili, acha. Gari likishafungwa mikanda na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzungusha yale mapipa ya chuma yaliyolazwa sakafuni, sauti ya mtu haifui dafu. Filimbi tu ndiyo hupenya.

Ila kwa fundi haikupenya tena. Masikio yalimchoka toka mwaka jana, na hakumwambia mtu. Alijifundisha kumtazama mkewe mashavu: yakijaa mara moja, anakanyaga, yakijaa mara mbili, anaachia. Aliogopa jambo moja. Siku mkewe akijua, atamtoa kwenye usukani, na akitolewa hapo atabaki na kazi gani? Kufagia?

Asubuhi hiyo daktari wa meno alileta gari lake la michezo, jekundu, viti bado vina nailoni.

"Kitabu chake kinasema farasi mia nne," alisema, akipapasa boneti.

"Kitabu kimewahesabu wakiwa zizini, daktari," mke alimjibu. "Sisi tunawahesabu wanaofika kwenye magurudumu. Wengine huishia njiani."

Daktari alicheka. Fundi naye akacheka, kwa kuwa daktari alicheka.

Akafunga mikanda, akaelekeza feni kubwa mbele ya gari, akajikunja kuingia. Kiti kilikuwa chini mno, kama umekaa mkekani. Kutoka kule chini, dashibodi ilimkata mkewe: aliona kitambaa cha kichwani na macho, basi. Mashavu hakuna.

Angeweza kushuka na kusema. Akajiambia atakisia. Macho ya mkewe yalipojikunja kidogo, akaihesabu hiyo ndiyo filimbi. Akapanda mpaka gia ya nne, akakanyaga mafuta mpaka chini.

Gari likanguruma, hilo alilisikia kwa mbavu. Upande wa kulia mkanda ukaanza kulegea, na nyuma ya gari ikatikisika kama mkia wa bata. Mke akapuliza mara mbili. Akapuliza tena. Fundi macho kwenye mshale, mguu palepale.

Mke akakibamiza kitufe chekundu. Mapipa yakashikwa na breki, gari likatetemeka, likazimika.

"Gari langu!" daktari alipiga kelele.

"Gari zima, baba. Nenda kanywe maji."

Akaenda dirishani, akachuchumaa mpaka uso wake ukakutana na wa mumewe.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Nimepuliza mpaka nimeona nyota!"

Fundi aliinamia usukani. "Mwaka jana. Yalianza kuvuma, kisha yakanyamaza."

Mkewe akamshika kidevu, akamgeuza amtazame midomo. "Na mimi nikadhani umenichoka. Nakusemesha kitandani, unanipa mgongo. Mwaka mzima nalia na mto, mwanamume wewe!"

Fundi alikuwa amepiga hesabu ya usukani tu. Hii hakuipiga. Akatoka garini bila kuambiwa.

"Kaa wewe."

"Mimi? Sijawahi kulikanyaga dude kama hili."

"Umenikanyaga mimi miaka yote, litakushinda gari?"

Mke akampiga kibao cha mgongo, akaingia. Fundi akakaza mikanda upya, kila mmoja akiuvuta kwa uzito wake wote, kisha akakaa kwenye kompyuta na kupuliza mara moja. Mke akakanyaga. Mstari ukapanda kwenye kioo bila kuyumba, ukatulia kwenye mia tatu arobaini.

"Sitini wangu wameenda wapi?" daktari aliuliza.

"UMEENDESHA VIZURI, MKE WANGU!" fundi alisema. Injini ilikuwa imeshazimwa. Nje, watu waligeuka.

Mke alitoa kichwa dirishani, akasema taratibu, midomo wazi: "Polepole, bwana. Mtaa mzima umesikia."

"Wasikie," akasema fundi, kwa sauti ileile.