Digrii Tisini na Mbili

Mimi Evaristi sipendi kufundishwa kazi yangu. Ndiyo maana Mzee Ndalahwa aliponiuliza kwa upole, "Mwanangu, kabla hujabadilisha hiyo feni, kompyuta si ilikuwa inafanya kazi?" nilimkatia, "Mzee, mwache fundi afanye kazi!"

Ilikuwa saa sita mchana, mwezi wa saba mwaka 2003, na Sumbawanga baridi ilikuwa inakata masikio. Saa nane baraza lilikuwa linasikiliza shauri lake la ardhi. Alikuwa Msukuma, amelima na kuchunga kando ya njia ya kwenda Kasesya miaka tisa, na sasa wenyeji, Wafipa wenzangu, wanamtaka aondoke. Utetezi wake, kurasa kumi na moja alizonisimulia siku mbili nikichapa, ulikuwa ndani ya kompyuta yangu ya dukani. Asipoupeleka, anahama yeye, wanawe na ng'ombe.

Asubuhi ile feni ya zamani ilikuwa inakoroma. Nikaing'oa pamoja na bati lake la kupoozea prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nikafunga mpya kutoka Tunduma. Tangu hapo, nikiwasha tu, joto linapanda kwenye skrini: sitini, themanini, tisini na mbili, pu! Inajizima hata dakika haijaisha.

Nikalaumu umeme. Nikalaumu vumbi. Nikailaumu feni yenyewe: "Hili soko huria hili, kila takataka inaingia!" Lakini feni ilikuwa inazunguka vizuri. Nikafungua, nikafuta grisi ya kupitishia joto juu ya prosesa, nikapaka nyingine, nikarudisha bati vilevile. Tisini na mbili. Pu.

Saa saba na nusu nikakata tamaa. Nikasema, "Mzee, prosesa imeungua. Nenda kawaeleze kwa mdomo."

Nilijua ni uongo. Ingekuwa imeungua isingewaka kabisa. Ila niseme nimeshindwa, mimi?

Mzee akainuka kwenye benchi. Akachukua fimbo yake, akatoka.

Nikalishika bati nilifungue kwa hasira, na lilikuwa la baridi. Mungu wangu! Prosesa inachemka, bati lililo juu yake la baridi? Basi havigusani! Nikamulika tochi. Bati limeinama upande. Chini yake lina sehemu iliyochongwa ili likae sawa, na mimi nimeligeuza nyuma mbele. Mara mbili nimelifunga hivyo hivyo, bingwa mzima.

Nikatoka mbio barabarani. "Mzee Ndalahwa! Rudi! Nimekosea mimi, nimekudanganya!" Watu wote wakageuka kunitazama. Aibu ilinishika, lakini nikaendelea kuita mpaka akasimama.

Nikaligeuza bati, nikawasha. Arobaini. Arobaini na nne. Joto likatulia hapo hapo. Printa ikaanza kutoa kurasa moja moja, na mimi naihimiza kwa maneno ambayo padri asingependa kuyasikia. Ya mwisho ilitoka saa nane kasoro dakika kumi.

Mzee alizipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nilidhani wenzako Wafipa wamekukataza usinipe. Nimekaa pale tangu asubuhi nikijiambia, kumbe hata huyu kijana yuko pamoja nao."

Nikatoa baiskeli nje na kufunga duka.

"Panda nyuma, mzee," nikamwambia, nikakanyaga pedali kuelekea barazani huku machozi yananitoka.