Matumbo Yaliyokataa Vidonda

Tumbo la panya wa kumi na sita, alipolipasua, lilikuwa laini ndani kama la yule wa kumi na tano, na binti mtafiti akaanza kujitilia shaka yeye mwenyewe. Panya wa vizimba vyeupe hawakutakiwa kuwa hivi. Wenzao wa vizimba vya kijani walichanganyiwa mafuta ya samaki kwenye chakula kwa miezi mitatu, ionekane kama yatawakinga na vidonda. Hawa weupe walikula chakula kikavu. Kisha wote wakapewa dawa ileile ya maumivu, inayojulikana kwa kuchubua matumbo. Basi vidonda vyao viko wapi? Bila vidonda hakuna cha kulinganisha, na shahada yake imekwenda na maji.

Akakagua lebo. Sawa. Akapima dawa iliyobaki. Sawa. Akafuta miwani, akatazama tena, akaona yaleyale. Mambo hayana kichwa wala miguu! Kisha akafungua kabati: chupa ya mafuta, ambayo kwa hesabu yake ilipaswa kubaki nusu, ilikuwa tupu.

"Mjomba," alimwita mzee anayelisha panya, ambaye jengo zima lilimwita hivyo, "haya mafuta yameishaje?"

Mzee aliegemea fagio, mkono mmoja tumboni kama kawaida yake. "Yameliwa."

"Na nani?"

"Na wote. Mwanangu, utampaje mtoto mmoja mchuzi, mwenzake umkaushe, na harufu wanaisikia wote? Wale weupe walikuwa wanaparamia nyavu kila nikifungua chupa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na dawa yenyewe naijua, nameza kwa ajili ya magoti mwaka wa pili huu. Inachoma hiyo!"

Binti alitaka kupiga kelele, kicheko kikataka kumtangulia, akakosa vyote viwili. Miezi mitatu imeteketea, na hata kumchukia mtu hawezi.

"Na wewe ulikunywa kiasi gani?"

"Mimi?" Mzee alikasirika kwelikweli. "Tone sijagusa. Hayo ni ya panya, mimi si mwizi."

Binti akautazama mkono ule unaobana tumbo, ambao ameuona kila asubuhi bila kuuliza. Katika chumba kizima, aliyemeza dawa bila mafuta alikuwa mmoja tu.

"Mjomba, samahani. Choo chako siku hizi kina rangi gani?"

Mzee aliinamisha macho. "Cheusi. Kama lami."

Binti alivua glavu. "Unavuja damu ndani. Weka fagio, twende hospitali."

"Na panya nani atawalisha?"